Kutoka Kigoma hadi Luteni Usu: anza na makaratasi

Afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huanzia cheo cha Luteni Usu, anachotunukiwa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, baada ya kuhitimu Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, Arusha. Monduli haiendwi moja kwa moja kutoka mtaani. Kwa kawaida unaandikishwa jeshini kwanza, na kwa vijana wengi njia ya kufika huko ni Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Kigoma wengi hukwama kwenye makaratasi kabla hata ya kufika kwenye mbio. Tunapakana na Burundi na Kongo, kwa hiyo suala la uraia huchimbwa: wazazi walizaliwa kijiji gani, babu je? Anza ukiwa bado kidato cha tatu au cha nne. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinashughulikiwa wilayani. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) iombwe mara tu utimizapo miaka 18. Kisha tandika mezani cheti cha kuzaliwa, cha shule na NIDA, ulinganishe herufi kwa herufi. "Yusuph" huku na "Yusufu" kule yatosha kukurudisha nyumbani siku ya usaili. Kurekebisha jina huchukua muda, na tangazo likishatoka muda huo huna. Umri nao hausubiri: tangazo la JWTZ la 2025 liliweka kikomo cha miaka 24 kwa kidato cha nne na sita.

JKT ina njia mbili. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa 2013. Wa kujitolea huomba kupitia ofisi za wilaya na mkoa wanakoishi, na mkataba wao ni wa miaka miwili. Kigoma kuna Bulombora, Kanembwa na Mtabila, Tabora kuna Msange, ila unaweza kupangiwa kambi yoyote nchini. Soma orodha ya vifaa kwa makini: bukta ya bluu iliyokoza, ya mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba, soksi nyeusi ndefu, shuka mbili. Mchoro wa kudumu mwilini unakuondoa.

JKT si ahadi ya ajira, na hilo husemwa wazi kwenye matangazo. Ukichaguliwa na JWTZ unapita ukuruta, yaani mafunzo ya askari mpya, halafu ndipo wenye sifa huchujwa kwa uafisa mwanafunzi. Monduli ina kozi fupi na ya shahada ya miaka mitatu ya sayansi ya kijeshi. Huko mtu hafundishwi kwata na shabaha tu. Anapimwa kusoma ramani, kutoa amri na kuongoza wenzake akiwa amechoka. Hisabati na Jiografia usizitupe.

Mbio anza miezi mitatu kabla ya usaili: kilomita tatu, mara nne kwa wiki, ukiongeza kidogo kidogo. Anayeruka ghafla kwenda kilomita kumi huanza kuumwa mifupa ya miundi na kusimama wiki kadhaa.

Nafasi hazilipiwi. Anayekuomba hela ya "kukuunganisha" ni tapeli, mripoti polisi.