Pasi ya vivutio nje ya nchi: ulipe kabla ya safari au getini?

Pasi ya vivutio ni tiketi moja inayokuingiza sehemu nyingi za utalii za mji. Viza kwanza, pasi baadaye. Msafiri wa Mbeya, Iringa au Njombe anayekwenda kuomba viza Dar es Salaam hana sababu ya kufika na pasi ya vivutio mkononi, kwa kuwa haimo kwenye nyaraka za lazima. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini inaweza kufika 45, na maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Lipia pasi wiki mbili au tatu kabla ya kuondoka, viza ikiwa tayari kwenye pasipoti. Ile saa ya kwenye tovuti inayopiga kelele kwamba punguzo linaisha usiku huu ipuuze; ofa za namna hiyo hurudi mara kwa mara.

Kabla ya kutazama bei ya pasi, chukua karatasi. Andika sehemu unazotaka kuziona hata kama pasi isingekuwepo, kisha mbele ya kila moja weka kiingilio chake kutoka tovuti ya wenyewe, saa utakazotumia na siku inayofungwa. Makumbusho ya Louvre jijini Paris hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay ya hapohapo Jumatatu, Taj Mahal ya India Ijumaa. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Halafu futa sehemu za bure. London huingii kwa kulipa British Museum, National Gallery wala Natural History Museum, labda kwa maonyesho maalumu. Washington makumbusho ya Smithsonian ni bure. Watoto nao wahesabu peke yao: Louvre, aliye chini ya miaka 18 halipi.

Sasa piga hesabu. Tuseme pasi ya siku mbili ni yuro 130. Kwenye karatasi yako kuna mnara wa 30, kasri la 28, boti ya 18 na makumbusho mawili ya 20 kila moja. Jumla 116. Pasi inakutia hasara ya 14. Hapo ndipo wengi huongeza jumba la sanamu za nta la 25 ambalo hawakuwa na hamu nalo, jumla inafika 141, na pasi inaonekana imeokoa 11. Haijaokoa kitu, umelipa 14 zaidi na umejiongezea mzunguko. Kama akiba kwenye orodha yako halisi haifiki asilimia 15 hivi, lipia tiketi mojamoja. Tiketi ya sehemu moja ukiikosa umepoteza hiyo tu, lakini pasi ikianza kuhesabu haisimami.

Muda nao una kikomo. Sehemu moja kubwa hula saa mbili, ukaguzi wa mizigo nusu saa, usafiri dakika 40 au zaidi. Mbili kubwa na moja ndogo kwa siku zinatosha mtu mzima mwenye miguu mizuri. Anayepanga sita anajidanganya.

Soma kwa makini pasi inavyohesabiwa. Paris Museum Pass huhesabu saa mfululizo: 48, 96 au 144, kama kiingilio cha Hifadhi ya Ruaha cha saa 24 kinavyoanza pale unapopita getini. London Pass huhesabu siku za kalenda. Ukiianzisha saa tisa alasiri, siku nzima imekwenda. Aina ya tatu huhesabu idadi ya vivutio unavyochagua, na hiyo ndiyo inayomfaa mtu mwenye shughuli nyingine. Kwa vyovyote, siku ya kutua isiwe siku ya kuanza pasi. Umetoka Songwe au umeshuka Kitonga kwa basi, ukaunganisha ndege ya usiku Dar. Kesho yake utakuwa na akili zaidi.

Kuwa na pasi si kuwa na nafasi. Louvre inataka uchague saa ya kuingia hata kama pasi unayo, na mnara wa Eiffel haumo kabisa kwenye Paris Museum Pass. Kwa hiyo fungua kwanza kalenda ya nafasi. Kama saa zako zimejaa, pasi haina kazi. Saa zinazoandikwa ni za huko: 09:00 ni saa tatu asubuhi yao. Tovuti za Marekani hutanguliza mwezi, hivyo 04/07 ni Aprili 7.

Cape Town ina shida yake. Upepo ukivuma, kebo ya Table Mountain husimama. Bahari ikichafuka, boti ya Robben Island haiendi. Hizo ni za kulipia peke yake, baada ya kusoma masharti ya kuahirisha.

Watu wa kusini wana jambo jingine la kuangalia. Kama TANAPA, shirika la hifadhi zetu za taifa, inavyomtoza Mwafrika Mashariki chini ya mgeni wa mbali, hifadhi ya Kruger ya Afrika Kusini na maporomoko ya Victoria Falls upande wa Zimbabwe zina bei ya raia wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo Tanzania imo. Anayevuka Tunduma kwa basi au anayepanda treni ya TAZARA kwenda huko asinunue mtandaoni kifurushi cha bei ya mgeni wa kimataifa. Aulize bei ya SADC na aonyeshe pasipoti getini. Kwa aliyempeleka mgonjwa India mambo ni tofauti: Taj Mahal ina bei nafuu kwa baadhi ya nchi jirani za India, Tanzania haimo.

Mfanyabiashara wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anayefuata mzigo Dubai au Guangzhou aachane na pasi. Atapata alasiri moja, basi. Tiketi moja inamtosha. Kupanda mnara wa Burj Khalifa wa Dubai saa za jua kuzama ni ghali kuliko asubuhi.

Ukiamua kununua, nunua ukiwa nyumbani, laini yako ikiwa hewani, maana namba ya uthibitisho huja kwa meseji. Hakikisha kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya simu imeruhusiwa malipo ya nje. Tovuti ikikubadilishia bei kwenda shilingi, linganisha na kiwango cha benki kabla ya kukubali. Jina liwe lile la pasipoti. Hifadhi msimbo wa QR kwenye simu ili uufungue bila bando, na uchapishe nakala steshenari.

Safari ikivunjika, omba kurudishiwa pesa kabla pasi haijaanza kutumika, kwa barua pepe yenye namba ya oda. Pesa kwa kawaida hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa, kwa hiyo kadi ya mtandaoni usiifute hadi safari iishe.