Kununua Upanga wa Kwanza wa Kale wa Kijapani kwa Fedha za Kawaida: Hatua kwa Hatua

Ukiwa na yeni 300,000 hivi, ambazo kwa viwango vya miaka hii ni kama dola 2,000, unaweza kumiliki upanga halisi uliofuliwa Japani zaidi ya miaka 200 iliyopita, ukiwa na cheti na ungali unang'aa. Kazi yangu ni kukagua panga hizi na kuwanunulia watu, na kila anayeanza humwambia neno moja: tafuta chuma kizima unachoweza kukiona, jina la mhunzi lisubiri. Wanaotanguliza jina ndio wanaolizwa.

Hatua ya 1: Tazama panga nzuri kwanza

Aliye Tokyo aende Makumbusho ya Panga ya Ryogoku. Aliye Okayama aende Osafune, kitovu cha wahunzi wa jimbo la kale la Bizen. London kuna British Museum, New York kuna Metropolitan. Inama mpaka mwanga wa taa ukimbie juu ya bapa, utaona vitu viwili. Cha kwanza ni hamoni, ukanda uliopauka ufuatao makali. Mhunzi huupaka upanga udongo, mwembamba kwenye makali na mnene mgongoni, kisha huutia motoni na kuutumbukiza majini; makali hupoa upesi na kuwa magumu, mgongo hubaki na unyumbufu. Cha pili ni hada, mistari midogo kama ya ubao uliorandwa, itokanayo na chuma kukunjwa na kufuliwa mara nyingi. Usinunue mpaka macho yako yavitambue vyote viwili bila kuelekezwa.

Hatua ya 2: Anza na wakizashi

Bapa la katana hufika shaku 2, yaani sentimita 60.6, au kuzidi. Wakizashi ni kati ya shaku 1 na 2, na tanto haifiki shaku 1. Enzi ya Edo (1603–1868) panga ndefu zilikuwa za samurai, lakini wafanyabiashara na watu wa mjini waliruhusiwa kuvaa wakizashi, kwa hiyo zilifuliwa kwa wingi. Wanunuzi wa leo wanagombea katana. Matokeo yake, wakizashi nzima yenye cheti hupatikana mara nyingi kwa yeni 200,000 hadi 350,000, ilhali kwa fedha hizo katana utakayopewa huwa na ila. Mhunzi ni yuleyule, chuma ni kilekile. Mimi sioni sababu ya kusitasita.

Usivutwe na ala yenye nakshi. Upanga uliomo ndani ya shirasaya, ala ya mbao tupu isiyopakwa rangi, umehifadhiwa vizuri zaidi, na fedha yako yote imeingia kwenye chuma.

Hatua ya 3: Soma karatasi

Kuna karatasi mbili, na watu huzichanganya. Torokusho ni usajili wa kisheria unaotolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Huandikwa aina ya upanga, urefu, upindo, idadi ya matundu ya msuka (sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini) na maandishi yaliyochongwa. Linganisha kila kipimo na upanga ulio mbele yako. Torokusho haithibitishi ubora wala uhalali wa sahihi ya mhunzi.

Kazi hiyo hufanywa na cheti cha NBTHK, chama cha Japani cha kuhifadhi panga za sanaa, kilichoanzishwa 1948. Daraja la kwanza ni Hozon, kisha Tokubetsu Hozon. Madaraja ya juu yake si ya mfuko wetu. Hozon inakutosha. Vyeti vyao vya zamani, vya kabla ya mfumo huu ulioanza 1982, sokoni haviaminiki sana, hasa vikitaja jina kubwa.

Hatua ya 4: Kagua msuka

Omba mpini uvuliwe, au utumiwe picha za msuka pande zote mbili. Kutu yake iwe nyeusi au ya kahawia iliyoiva, iliyotulia. Kutu ya rangi ya chungwa inayoachia unga vidoleni ni ya juzi. Usiusugue msuka kamwe: kutu hiyo ndiyo ushahidi wa umri wake, na ukiiondoa umeuharibu upanga.

Sahihi za uongo ni nyingi mno. Nagasone Kotetsu, mhunzi wa Edo wa karne ya 17, aliigwa sana hata jina lake kwenye upanga usio na cheti ni la kutiliwa shaka papo hapo. Upanga usio na sahihi wenye Hozon ni salama kuliko wenye sahihi maarufu bila karatasi. Ukikuta mhuri mdogo kwenye msuka, herufi ya Sho au ya Seki, huo ni upanga wa kijeshi wa enzi ya Showa (1926–1989), aghalabu uliozimishwa kwa mafuta. Una historia yake, ila si huu tunaoutafuta.

Hatua ya 5: Tafuta kasoro zinazoua

Hapa usiwe na haraka. Ya kwanza ni hagire, ufa mwembamba kama unywele unaokata makali kwa upande. Haitengenezeki. Pitisha makali mbele ya taa polepole, huku na huku, maana kwa pembe moja tu inajificha. Ya pili ni ncha isiyo na boshi: hamoni lazima iingie kwenye ncha, na kwa kawaida hugeuka kuelekea mgongoni. Ikiishia njiani, ncha ilivunjika ikachongwa upya. Ya tatu ni hamoni iliyomomonyoka hadi kutoweka kwenye makali kwa sababu ya kusuguliwa kupita kiasi.

Mpasuko mdogo kwenye mistari ya chuma unavumilika. Upanga uliofupishwa, wenye matundu mawili ya msuka, pia hauna aibu. Nyingi za kabla ya 1600 zilikatwa hivyo.

Na ule wenye kutu unaouzwa "bei ya kutupa"? Uache. Togishi, fundi wa kung'arisha, hutoza kwa urefu wa bapa, huchukua miezi, na gharama yake mara nyingi huipita bei ya upanga. Tena chini ya kutu huwezi kuiona hagire.

Hatua ya 6: Lipa na usafirishe

Anayeishi Japani hahitaji leseni. Anaijulisha bodi ya elimu iliyotoa torokusho ndani ya siku 20. Upanga ukitoka nchini, muuzaji huomba kibali cha Wakala wa Utamaduni na kuirudisha torokusho. Hesabu wiki kadhaa. Uingereza ilipiga marufuku panga zilizopinda za sentimita 50 na zaidi mwaka 2008, lakini zilizotengenezwa kwa mikono kwa njia za jadi zimeachwa nje, kwa hiyo nakala za karatasi zisafiri na upanga. Kama unakwenda Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, pata jibu la forodha na polisi kwa maandishi kabla hujatoa hata yeni moja.

Hatua ya 7: Utunzaji

Bapa haliguswi kwa kidole. Lifute kwa karatasi laini, upake mafuta ya choji, yale ya panga yenye harufu ya karafuu, kidogo sana, uangalie tena baada ya miezi michache. Likitokea doa la kutu, usiweke msasa wala dawa ya chuma. Lipige picha umpelekee togishi.