Gobore la tundu dogo kwa kulungu wa Pennsylvania

Huku Lancaster, ambako mafundi wenye asili ya Kijerumani walifua bunduki ndefu za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, katika karne ya 18, msimu wa gobore la gumegume hufunguliwa baada ya Krismasi. Kwa kulungu, sheria ya jimbo haikubali tundu la mtutu lenye upana chini ya inchi 0.44, kwa hiyo ile 0.36 ya kindi iache nyumbani. Mimi natumia 0.45. Wenye 0.50 hunicheka: gololi yangu ina gramu 8 na ushei, yao inapita 11. Wacheke tu. Yangu hainipigi bega, nami silengi huku nimefumba macho.

Baruti iwe nyeusi, kwa kiasi alichoandika mtengenezaji. Ile ya kisasa isiyo na moshi itakupasulia mtutu. Imimine kwa kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kubebea baruti, maana cheche ikibaki ndani pembe yote italipuka. Kisha kitambaa cha pamba chenye mafuta, gololi, na mdeki, ule ufito wa kushindilia. Shindilia mpaka gololi ikalie baruti. Pengo likibaki kati yake ni hatari. Mdeki wangu nimeuchora alama, nione imefika. Kisahani cha kuwashia, kilicho kando ya mtutu, kitie baruti laini ukishafika mawindoni.

Sasa umbali, na hapa ndipo wengi huharibu. Gololi ya duara hupoteza karibu nusu ya mwendo wake kabla ya yadi 100. Mpaka wangu ni 50, kama mita 45. Mnyama akupe ubavu, ulenge nyuma tu ya mguu wa mbele, chini ya nusu ya kifua. Mfupa wa bega uepuke. Akikukabili au akikupa mgongo, mwache aende zake. Bismillahi, fyatua, na usishushe bunduki upesi, kwani gumegume huchelewa. Isipolia, elekeza mtutu kusiko na mtu kwa dakika nzima.

Moshi utakuziba macho. Inama uchungulie chini yake uone alikokimbilia. Shindilia tena, kisha subiri nusu saa. Gololi ndogo mara nyingi hubaki mwilini, kwa hiyo damu huwa haba. Anzia aliposimama, tafuta manyoya, halafu kwato zilizochimba theluji. Kila penye tone mimi hufunga kipande cha karatasi ya chooni kwenye kijiti; nikipoteza alama, nageuka nyuma, na mstari wa vikaratasi unanionyesha alikuwa anaelekea wapi.