Namna ya kusoma vipimo vya kuganda kwa damu kwa mgonjwa wa mishipa ya moyo

Mgonjwa wa mishipa ya moyo anapopokea majibu kutoka maabara, jicho lake hukimbilia namba iliyowekewa alama ya kupanda au kushuka. Kabla ya kuhangaika na namba hiyo, ni vyema kujua kila kipimo kinajibu swali gani, kwa kuwa hakuna kipimo cha kuganda kwa damu ambacho peke yake huthibitisha au kukanusha mshtuko wa moyo. Kazi hiyo hufanywa na kipimo cha umeme wa moyo pamoja na troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo inapoumia, na mwenye maumivu yanayobana kifua anapaswa kuwahishwa hospitali bila kusubiri majibu mengine yoyote.

Anza na mstari wa PLT katika picha kamili ya damu. Hiyo ni idadi ya chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda, na kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni bilioni 150 hadi 450 katika lita moja ya damu. Zingatia kwamba kipimo hiki huhesabu chembe tu, hakipimi utendaji wake. Mara nyingi mshtuko wa moyo huanza pale tabaka la mafuta lililojijenga ndani ya mshipa wa koronari, unaolisha moyo wenyewe, linapopasuka: chembe sahani hunata kwenye jeraha hilo, hutoa kemikali za thromboksani na ADP zinazoamsha chembe nyingine, kisha nyuzi za protini ya fibrini huzifunga pamoja hadi damu inakosa njia. Haya yote yanaweza kumpata mtu ambaye PLT yake ni 220, namba isiyo na kasoro yoyote. Kwa hiyo PLT ya kawaida si kinga, wala si ruhusa ya kuacha aspirini.

Aspirini yenyewe haipunguzi idadi ya chembe sahani. Huzima kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani, na kwa kuwa chembe sahani haina kiini cha kuiwezesha kuunda kimeng'enya kipya, hubaki hivyo maisha yake yote, yaani siku 7 hadi 10. Thamani ya jambo hili ilionekana wazi mwaka 1988 katika utafiti wa ISIS-2 uliohusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kupata mshtuko wa moyo: aspirini ya miligramu 160 kwa siku, kwa mwezi mmoja, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki tano za mwanzo. Kwa kuwa aspirini hugusa chembe sahani, usitafute ushahidi wake, au wa klopidogreli (dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani), kwenye PT, yaani muda wa plazma kuganda, na INR, yaani PT iliyosawazishwa ili maabara zote zilingane. Vipimo hivyo hupima protini za kugandisha damu, na INR hutumika hasa kwa anayemeza warfarini, dawa inayopunguza protini hizo. Aliyewekewa stenti (kibomba kidogo cha kuuacha mshipa wazi) akitumia aspirini na klopidogreli pekee huwa na INR ya karibu 1, na hilo si kosa.

Vipo vipimo vya utendaji wa chembe sahani, vikiwemo vinavyofuata njia aliyoieleza Gustav Born mwaka 1962, ambapo ADP huongezwa kwenye plazma (majimaji ya damu) yenye chembe sahani na mwanga unaopenya huongezeka kadiri chembe zinavyoshikamana. Sioni sababu ya kila mwenye stenti kuvigharimia, kwa kuwa majaribio makubwa ya kubadilisha dawa kwa kufuata majibu yake hayakupunguza matukio ya moyo kwa namna ya kuaminika.

PLT ikishuka ghafla bila dalili yoyote, omba sampuli ichunguzwe upya kabla ya dawa kuguswa. Kwa baadhi ya watu, EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, hufanya chembe zishikamane, na mashine huhesabu pungufu. Kuangalia damu kwa hadubini na kurudia kwa kichupa cha sitreti, kizuia kuganda kingine, hufichua ukweli. Kichupa hicho cha kifuniko cha bluu, kinachotumika pia kwa PT, kinapaswa kujazwa hadi kwenye mstari, sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti, na kupinduliwa taratibu bila kutikiswa. Kikijazwa nusu, damu huonekana kuchelewa kuganda ilhali mgonjwa hana tatizo.

Kipimo cha mwisho ni D-dimer, yaani mabaki ya fibrini iliyovunjwa. Hupanda si kwa damu iliyoganda tu, bali pia kwa maambukizi, ujauzito, upasuaji na umri mkubwa. Manufaa yake makubwa ni kuondoa shaka ya damu iliyoganda kwenye mishipa ya miguu au mapafu.

Unapokwenda kupima, taja dawa zote, hata za dukani. Ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi, na omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli. Ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukitakiwa kung'oa jino, mkutanishe daktari wa meno na kliniki yako ya moyo kwa simu kabla hujaacha kidonge chochote.