Kabla ya Kununua Ploti Nairobi, Uliza Mwamba Uko Mita Ngapi Chini

Nairobi hutikiswa hata na matetemeko yanayoanzia mbali. Lile la kaskazini mwa Tanzania la Julai 2007, lenye ukubwa wa 5.9, liliwatoa watu mbio maofisini katikati ya jiji. Mawimbi yakiacha mwamba na kuingia udongo laini hupungua kasi, na kadiri yanavyopungua kasi ndivyo mtikiso unavyokua. Kwa hiyo chunguza kina cha udongo kabla ya rangi yake.

Udongo mweusi wa Embakasi au South C unaogopwa na kila fundi, na ana haki: huvimba wakati wa mvua, hupasuka kiangazi. Lakini mara nyingi ni mita moja au mbili tu. Ukiondolewa wote, msingi ukakaa juu ya mwamba, kwa upande wa tetemeko hauna neno. Kibaya zaidi ni kifusi: machimbo ya mawe yaliyofukiwa, kingo za mito zilizojazwa taka na udongo wa kumwagwa. Piga hesabu ya muda wa yumbo moja la ardhi. Kina mara 4, gawanya kwa kasi ya mawimbi. Kifusi cha mita 15 kinachopitisha mawimbi kwa mita 150 kwa sekunde huyumba, kwenda na kurudi, kwa sekunde 0.4. Jengo hukadiriwa sekunde 0.1 kwa kila ghorofa, basi lenye ghorofa nne litayumba sambamba na ardhi na kuzidi kuyumba. Mexico City mwaka 1985, chanzo kikiwa zaidi ya kilomita 300 mbali, tope la ziwa la kale liliumiza hasa majengo ya ghorofa 6 hadi 15, na nyumba fupi nyingi zikasalimika.

Mhandisi atoboe kwenye ploti yenyewe, si kwa jirani, na walau matundu mawili pembe zinazotazamana. Nyundo ya kilo 63.5 huangushwa kutoka sentimita 76 kupigilia bomba ndani ya tundu, na mapigo huhesabiwa kwa sentimita 30 za mwisho bomba linapozama. Yakiwa chini ya 15, ardhi ni laini. Nyundo ikigoma, usikubali upesi kuwa mwamba umefikiwa: jiwe kubwa ndani ya kifusi hudanganya hivyo hivyo. Kekee iendelee mita 3 zaidi.

Mpangaji naye atazame ghorofa ya chini. Ikiwa ni maegesho, nguzo tupu bila kuta, hapo ndipo jengo huvunjikia kwanza. Kisha paa: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na lisipofungwa huteleza.