Gemu ni kupoteza muda? Ipime kwa daftari, siku 14

Wazee wanaocheza bao au drafti chini ya mwarobaini kuanzia saa tisa alasiri mpaka magharibi hawaulizwi kama wanapoteza muda. Kijana akishika pedi ya gemu saa mbili tu, nyumba nzima ina la kusema. Yote ni michezo, na yote yanaweza kuwa mapumziko ya maana au maficho ya mtu anayekwepa kazi. Ubishi wa sebuleni hauwezi kuamua lipi ni lipi. Hesabu inaweza, na inafanyika kwa daftari dogo na kalamu, uwe unacheza nyumbani Kisasa au kwenye kibanda cha gemu cha Chang'ombe, hapa Dodoma.

Daftari

Chora safu tano: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, gemu gani, pesa iliyotoka, na ya mwisho iandike "ningekuwa nafanya nini". Jaza kwa siku 14 mfululizo, na usibadilishe tabia yako hata kidogo katika siku hizo. Ukianza kujibana siku ya pili unapima uungwana wako, hupimi gemu.

Andika saa ya kuanza kabla ya kuwasha, siyo usiku ukikumbuka. Kumbukumbu ya mchezaji hudanganya, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mechi uliyoipanga iwe dakika 5 kila kipindi inaonekana ni dakika 10. Ongeza kuchagua timu, kupanga kikosi, marudio ya magoli, mchezaji aliyeumia na ubishi wa penalti, na saa ya ukutani itakuonyesha karibu robo saa. "Mechi mbili tu" ni nusu saa. "Mechi mbili tu" ikisemwa mara tatu, jioni imekwisha.

Kwenye simu za Android kazi hii imeshafanywa. Fungua mipangilio, tafuta sehemu iitwayo Digital Wellbeing, gusa duara la muda, utaona kila programu imekula dakika ngapi leo na siku zilizopita. Hamishia namba hizo daftarini kila usiku. Angalia pia umeifungua mara ngapi. Mtu anayecheza dakika 40 kwa kikao kimoja na mtu anayecheza dakika 40 kwa vipande 20 vya dakika mbilimbili hawafanani. Huyu wa pili kazi yake imekatwa mara 20, na hasara hiyo haionekani kwenye jumla ya dakika.

Safu ya tano ndiyo inayoamua kesi. Tumia herufi: U kama muda huo umetoka kwenye usingizi, M masomo, K kazi au shughuli za nyumbani, W watu uliotakiwa kuwa nao, na T kama ulikuwa mtupu, yaani ungekaa tu ukisogoa au ukitazama video fupifupi. Siku ya 14 jumlisha saa za kila herufi. Mpaka wetu ni robo: U, M, K na W kwa pamoja zikizidi robo ya saa zote, gemu inakula kitu chako. Zisipofika hapo, una burudani kama mtu mwingine yeyote na huna deni la kujieleza. Ila U peke yake tunaihesabu kwa ukali zaidi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, mtoto wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12, na saa ya usingizi iliyoibwa usiku hulipwa darasani asubuhi.

Shilingi

Watu wengi hulaumu umeme kwanza, na umeme ndio wenye makosa madogo zaidi. Chukua risiti ya LUKU, gawa pesa kwa uniti. Usitumie risiti ya kwanza ya mwezi kwa sababu ina makato ya kodi ya jengo. Chukua ya pili. Tuseme Sh 10,000 imekupa uniti 28, basi uniti moja ni kama Sh 357. Mashine ya gemu ya PS4 pamoja na runinga ya LED ya inchi 32 havizidi sana wati 200 vikiwa kazini, yaani saa tano kwa uniti moja, takriban Sh 71 kwa saa. PS2 ile nyembamba na runinga hiyohiyo ni kama nusu ya hapo. PS4 ukiicheza saa mbili kila siku kwa siku 30 unatumia uniti 12, kama Sh 4,300.

Kuna mtego mmoja. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na mmezoea kuishia uniti 70, hizo 12 zinawavusha. Uniti za juu ya 75 zina bei kubwa zaidi, na mkizoea kuvuka mnaweza kuondolewa kwenye kundi hilo. Hapo baba akilalamika kuhusu umeme, ana haki.

Kibanda ni hesabu nyingine. Weka bei ya kibanda chako. Hapa tutumie mfano wa Sh 300 kwa mechi. Mechi nne kwa saa ni Sh 1,200, saa mbili Sh 2,400, siku tano kwa wiki Sh 12,000, wiki nne Sh 48,000. Ukiona namba hiyo utatamani kununua mashine, na kwa karatasi uko sahihi: mashine iliyotumika ya Sh 250,000 inajilipa kwa miezi sita hivi. Kinachosahaulika ni kwamba ile mia tatu ilikuwa breki. Kibandani pesa ikiisha unanyanyuka. Nyumbani hakuna kinachokunyanyua, na saa mbili huwa nne bila mtu kuamua. Ukinunua, nunua pamoja na sheria ya muda.

Utaratibu wa "anayefungwa ndiye analipa" uangalie kwa jicho kali. Fundi wa pedi anacheza karibu bure na mdhaifu anawalipia wote, halafu mdhaifu anaendelea ili arudishe hela yake. Hiyo ni kamari iliyovaa jezi. Na wenye kuweka dubwi la sarafu, yaani mashine ya kubahatisha, kwenye kona ya kibanda cha gemu wanajua wanachofanya: mtoto anaingia kucheza mpira, chenji inabaki kwenye mashine. Kubeti na michezo ya kubahatisha kisheria ni ya wenye miaka 18 na kuendelea. Kibanda chenye dubwi, au kinachopokea sare za shule saa nne asubuhi, kivuke.

Kwa wa simu, tofautisha bando la kuchezea na bando la masasisho. Mechi ya mtandaoni yenyewe hula megabaiti chache. Sasisho moja la gemu kubwa ya mpira hula gigabaiti. Ingia Play Store, kwenye mipangilio ya mtandao, weka masasisho yajipakue kwa Wi-Fi tu. Hapohapo washa uthibitisho wa neno la siri kwa kila ununuzi, hasa kama simu inashikwa na watoto na akaunti imeunganishwa na njia yoyote ya malipo.

Gemu ipi?

Hapa ndipo mabishano mengi hupotelea, kwa sababu watu hutaja "gemu" kana kwamba ni kitu kimoja. Gemu ya hadithi unayonunua mara moja, ukacheza saa 20, ukamaliza, ni kama riwaya: ina ukurasa wa mwisho. Mechi ya mpira na rafiki aliyekaa pembeni ina kipyenga. Tetris, aliyoitunga Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984, haina mwisho, lakini ukishindwa umeshindwa, unaweka chini. Sasa zipo za bure kwenye simu ambazo mapato yake yanategemea usiondoke. Hizo zina alama unazoweza kuzitambua ndani ya siku tatu.

Zima simu siku nzima, kisha fungua gemu. Je, umepoteza kitu kwa kutokuja? Kuna zawadi ya kila siku iliyokatika, shamba lililokauka, ukoo uliokufukuza? Je, maisha yanaisha na unaambiwa usubiri nusu saa au ulipe? Je, pesa halisi inabadilishwa kwanza kuwa almasi au sarafu za gemu, ili usijue mchezaji mmoja amekugharimu shilingi ngapi? Je, unanunua kasha bila kujua kilichomo? Makasha hayo ya bahati Ubelgiji iliyahesabu kuwa kamari mwaka 2018 na kuyapiga marufuku. Jibu la ndiyo mara mbili au zaidi, ifute. Usiipunguze, ifute, maana imetengenezwa na watu waliokaa kazini wakitafuta namna ya kukushinda kwenye kupunguza.

Kuhusu faida za akili, usitie chumvi mbele ya mzazi. Utafiti wa Green na Bavelier uliochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2003 ulionyesha kwamba gemu za mapambano huboresha uangalifu wa macho, na hiyo ni kweli kwa kipimo hicho. Haimaanishi hesabu za kidato cha pili zitapanda. Kampuni iliyouza michezo ya "kunoa ubongo" ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 mwaka 2016 baada ya mamlaka ya biashara ya Marekani kuishitaki kwa ahadi zisizo na ushahidi. Ukicheza gemu unakuwa hodari wa gemu hiyo, na pengine unaokota Kiingereza kidogo. Inatosha. Burudani haihitaji cheti.

Mtoto anayeuliza gemu inatengenezwaje ni kesi tofauti kabisa. Muwekee Scratch, programu ya bure ya kutengenezea gemu iliyobuniwa chuo cha MIT cha Marekani, inayofanya kazi kwenye kompyuta hata bila intaneti ukishaipakua. Mwanzo mzuri ni paka anayekimbiza mpira na kuhesabu pointi. Vipande vya maagizo visivyozidi 15, mchana mmoja.

Kuweka mpaka usioleta vita

Kosa kubwa la wazazi ni kuchomoa waya. Gemu nyingi hazihifadhi katikati ya hatua, na mechi ya mtandaoni ikikatika unahesabiwa umefungwa, kwa hiyo mtoto hakasirikii sheria, anakasirikia kazi iliyopotea. Hesabu kwa mechi au kwa hatua, siyo kwa dakika: "mechi tatu". Weka kengele inayolia dakika 10 kabla ya mwisho. Ikilia, hakuna mechi mpya kuanzishwa, iliyopo inamaliziwa. Baada ya wiki moja ya msimamo huo kelele hupungua, mradi usiikiuke wewe mwenyewe siku ya wageni.

Siku za shule zinatosha mechi mbili au tatu baada ya kazi za nyumbani, na mashine izimwe saa moja kabla ya kulala. Simu ilale sebuleni. Simu iliyo chini ya mto haina sheria. Mwenye mtihani wa darasa la saba au kidato cha nne aondoe gemu kwenye simu miezi miwili kabla, akabakiza ile ya kukaa na wenzake Jumamosi. Wa chini ya miaka 5 ni suala jingine: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kuwa mwenye miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora. Mtu mzima naye asijisahau. Herufi K za baba mara nyingi ni nyingi kuliko M za mwanawe.

Vumbi na umeme

Gharama ambayo haimo kwenye daftari la wengi ni fundi. Kiangazi cha Dodoma, upepo ukianza, vumbi jekundu hujaa kwenye feni ya mashine, joto linapanda, feni inanguruma kama pikipiki, kisha mashine inajizima katikati ya mechi. Iweke juu ya meza, siyo sakafuni, na iachie nafasi ya sentimita 10 kila upande. Kitambaa cha kufuma ni cha kuifunika ikiwa imezimwa na imepoa tu. Kila baada ya miezi miwili ipulize matundu kwa bloa, huku ukizuia feni kwa kijiti ili isizunguke. Feni inayozungushwa na upepo wa bloa inaweza kuharibu beringi zake. Kama bado inaunguruma, grisi ya kupozea prosesa imekauka, hiyo ni kazi ya fundi.

Umeme ukikatika chomoa plagi papo hapo, subiri dakika chache baada ya kurudi. Diski hufa kwa kukatikiwa inapoandika, kwa hiyo usiiache mashine ikiwa imelala nusu, izime kabisa.

Ikifika mbali

Kutoka kwenye robo yetu mpaka ugonjwa ni mwendo mrefu, na asilimia kubwa ya wachezaji hawaufiki. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022. Dalili ni tatu kwa pamoja: kushindwa kujizuia, gemu kutangulizwa mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana, tena kwa kawaida yawe yamedumu miezi 12 na kuvuruga masomo, kazi au familia. Likizo ya wiki tatu ya kucheza usiku kucha haihesabiwi.

Kama ndivyo ilivyo, Dodoma ina Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Jina hilo watu hulifanyia utani, ndiyo maana wengi huchelewa. Mpeleke mchana, bila kumtisha na bila kumdanganya mnakwenda sokoni, na mchukue na daftari lake: daktari atauliza anacheza saa ngapi, analala saa ngapi, ilianza lini.