SOMO: Kujua namba kubwa ina vigawo vingapi, kwa mkono (mfano 3,745,080)

Wakuu, hili swali naulizwa kila wiki na jibu ni lile lile, nimeamua niliandike mara moja, akija mwingine nampa linki tu.

1. Gawa kwa 2 mpaka igome: 1,872,540, 936,270, 468,135. Mara tatu.

2. Gawa kwa 3 (jumlisha tarakimu kwanza uone kama inakubali): 156,045, 52,015. Mara mbili, imegoma.

3. Kwa 5: 10,403.

4. Hapa ndo niliaibika. 10,403 haitaki 7, haitaki 11, haitaki 13, unaenda na namba tasa moja moja. Mimi nilifika 97 mkono umechoka nikasema hii ni tasa tu, nikaandika vigawo 48 ubaoni mbele ya watoto wa tuisheni, dogo mmoja wa nyuma akaniuliza ticha, 101 umeijaribu? Sikuijaribu. 101 × 103 = 10,403. KWA HIYO usisimame ulipochoka, simama pale namba unayojaribu ikizidishwa kwa yenyewe inapopita kilichobaki. 101 × 101 ni 10,201, bado haijapita. 103 × 103 ni 10,609, imepita. Na ukishapita usiendelee, unamaliza wino bure.

5. Hesabu kila tasa imetokea mara ngapi, ongeza 1 kwa kila moja, zidisha: 4 × 3 × 2 × 2 × 2 = 96.

MASWALI

kapeto: mbona mi napata 8

Jibu: Umejumlisha 3+2+1+1+1. Rudi hatua ya 5.

mama_chipsi: Naomba uvitaje hivyo vigawe vyote

Jibu: Vigawe (namba yenyewe ukiizidisha kwa 1, 2, 3...) havina mwisho, unamaanisha vigawo, zile zinazoigawa bila baki. Na sivitaji, viko 96.

dogo_wa_hesabu: samahani mwalimu, ile 1 tunaongeza ya nini?

Jibu: Swali zuri sana. Ukiunda kigawo unachagua 2 ngapi uzitie: usitie kabisa, moja, mbili au zote tatu. Hapo chaguo ni 4, sio 3. Ile "usitie kabisa" ndo 1 yako. Ukikataa zote unabaki na 1, nayo ni kigawo.

dogo_wa_hesabu: aisee. kwa hiyo namba kama 36 lazima itoe witiri?

Jibu: Ndio! Namba ikiwa ni kitu kilichozidishwa kwa chenyewe, idadi ya vigawo lazima iwe witiri. 96 ni shufwa, kwa hiyo hii yetu sio.

fundi_namba: Ungepumzisha mkono. 102 × 102 ni 10,404, toa moja ni 10,403, yaani (102 − 1) × (102 + 1), unapata 101 × 103 hapo hapo.

Jibu: Daah. Miaka yote hii. Hiyo ndo njia ya Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa zamani. Ila na yeye aliteleza, alidhani 4,294,967,297 ni tasa, mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha inagawanyika kwa 641.

dogo_wa_hesabu: nimeigawa kwenye simu imetoka 6,700,417, hiyo nayo ni tasa?

Jibu: Ni tasa, ila kuthibitisha kwa hatua ya 4 utaenda mpaka karibu 2,588. Nunua daftari.